Mkono Wenye Ganzi na Wivu wa Mama

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji. Mama Sindano alijaribu kuyasahau, yakakataa.

"Shoga, wifi yako si alikuwa na ganzi mikononi?" jirani alimwambia huku akisogeza ndoo. "Akaenda kupimwa kwa nyaya za umeme. Leo anakanda unga kama mashine. Haya, mwanao ganzi imemwanza lini?"

"Mwezi wa tatu sasa."

"Basi piga hesabu mwenyewe. Ugonjwa ukitolewa kwa mtu unakwenda wapi? Unatafuta damu ya karibu. Lakini mimi simo."

Jirani akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Yeye hayumo, lakini sumu ameiacha.

Sindano lilikuwa jina la utani la binti. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi cherehani, na mshono wake ulinyooka kama umepigwa rula. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi. Dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vilimchonyota. Akilala, ganzi ilimwamsha, akawa anakung'uta mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mkasi ulimponyoka mara kwa mara. Hata nyama ya chini ya dole gumba ilianza kunywea.

Mama aliyaona hayo yote. Lakini wa kwanza kuambiwa hakuwa yeye. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwoka mikate wa mtaa wa pili. Hilo ndilo lililomkaa kooni.

Kila jioni Sindano alipitia kwa shangazi yake. Walicheka mpaka vicheko vikavuka barabara. Akirudi nyumbani, maneno yake yalikuwa mawili tu: "Nimeshakula," na "Nimechoka."

"Mimi nilibeba mimba," mama alijisemea, "yeye anabeba siri."

Siku moja binti alikuja na karatasi.

"Mama, shangazi kanipeleka kwa daktari. Daktari kaandika nikapimwe neva, yaani mishipa ya fahamu, na misuli. Ni Jumanne."

"Shangazi kakupeleka. Na mimi nilikuwa nimesafiri?"

"Ulikuwa kazini, mama."

"Kazini kuna mlango. Ungegonga."

Jumatatu jioni wifi alifika, unga bado umeganda kwenye nywele za mkononi.

"Wifi, nimekuja kukukumbusha," alisema. "Kesho aoge kwa sabuni, halafu asijipake kitu. Si mafuta, si losheni, si dawa ya kuchua. Na bangili avue. Mimi niliambiwa hivyo hivyo."

"Ahsante, mwalimu," Mama Sindano alijibu. "Mwanangu nimemwogesha tangu ana siku moja. Leo ndiyo nifundishwe?"

Wifi akaaga.

Asubuhi, mama aliwahi kuamka. Alichukua chupa ya mafuta mazito ya kuchua, akaushika mkono wa binti yake. Akauchua kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, taratibu, mpaka ukang'aa.

"Mama, shangazi alisema..."

"Shangazi, shangazi! Ukipona, nataka ijulikane ni mkono wa nani uliokuponya."

Kisha akachana utambaa, akaufunga kwenye kifundo cha mkono na kuukaza. "Huu utazuia ugonjwa usipande," alisema. Sindano akakunja uso, lakini akauacha mkono ufungwe. Mama ni mama.

Chumba cha vipimo kilikuwa kidogo. Kulikuwa na kitanda chembamba, mashine yenye kioo, na nyaya za rangi zilizoning'inia kwenye ndoano. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. Kwanza aliufungua ule utambaa. Chini yake kulikuwa na alama nyekundu.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi," alisema mama.

"Ulikuwa na nia njema, mama. Lakini hapa ndipo neva inapopita. Umeikaba zaidi."

Akajaribu kubandika vibandiko vya zile nyaya kwenye kiganja na vidoleni. Vikateleza. Akamwosha binti kwa sabuni, akamfuta kwa spiriti, akabandika tena. Vikateleza tena. Kwenye kioo mistari ilitetemeka ovyo.

"Siwezi kuiamini picha hii," mpimaji alisema. "Nikiandika majibu ya hivi, daktari anaweza kutibu kitu kisichokuwepo. Mrudi akiwa hana mafuta. Nafasi iliyopo ni baada ya siku kumi na nane."

Njiani Sindano alitembea mbele peke yake. Mama naye moyoni alifurahi kidogo, Mungu amsamehe. Alifikiri, "Nyaya za wifi zimeshindwa."

Furaha hiyo haikufika mbali. Siku ya tisa, mama alikuwa anakunja nguo. Sindano alikuwa anapiga pasi sketi ya mteja, huku akitazama nje na kuimba kidogo. Mama akasikia harufu, kama ya unyoya uliochomwa.

"Sindano! Kidole chako!"

Kidole cha shahada kilikuwa kimelala kwenye bati la pasi. Binti alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Kisha akakivuta. Ngozi ilikuwa imebabuka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "sikusikia. Sikusikia hata kidogo."

Mama aliupeleka ule mkono kwenye maji safi yanayotiririka, akaushikilia hapo muda mrefu. Fundi asiyehisi vidole vyake atashonaje? Aliziona zile siku kumi na nane, na alijua ni nani aliyezileta.

Jioni hiyo alivuka barabara. Wifi alikuwa anapanga mikate kwenye sinia.

"Wifi, nimekuja."

"Karibu. Umekuja kwa heri?"

"Nusu kwa heri." Akasimama, akakosa pa kuweka macho. "Mafuta nilimpaka mimi. Makusudi. Uliniambia, nikasikia, nikafanya kinyume. Nilikuonea wivu."

Wifi aliweka mkate chini.

"Wivu wa nini? Mimi sina mtoto. Ninaazima wa kwako jioni, na kila jioni ninamrudisha."

Mama Sindano akashika upande wa pili wa sinia.

"Twende wote siku ya kipimo," alisema. "Wewe ulishapimwa. Mimi ninaogopa."

Walikwenda watatu. Mkono wa binti ulikuwa umeoshwa kwa sabuni tu, na kidole kilikuwa kimeanza kupona. Mpimaji alianza kwa kuuliza.

"Una kifaa cha kusaidia moyo kupiga kifuani? Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Ukijikata, damu huchelewa kukoma?"

"Hapana," Sindano alijibu yote matatu.

Mpimaji aliushika mkono wake. "Una baridi. Tuupashe kwanza. Mkono wa baridi hupeleka ujumbe polepole, tukadhani neva ina ugonjwa."

Mama akashindwa kuvumilia. "Samahani, dada. Watu wanasema mashine hii hutoa ugonjwa kwa mmoja ikampa mwingine. Wifi yangu alipimwa hapa, akapona, ndipo binti yangu akaumwa."

Wifi aligeuka. "Ndiyo maneno yanayozunguka kwenye foleni ya maji?"

"Ndiyo hayo," mama alisema, akiinama.

Mpimaji hakucheka. "Mama, mashine haitoi ugonjwa wala haiweki. Wala haiponyi. Inauliza tu. Neva ni kama waya unaopeleka ujumbe kwenye vidole na misuli. Mimi ninagusa hapa kwa umeme mdogo, halafu ninapima ujumbe umechukua muda gani kufika. Lete mkono wako uonje."

Mama akanyoosha mkono, macho ameyafumba. Kidole chake kikaruka chenyewe.

"Ala! Kama nimepigwa teke na sisimizi!"

Wote wakacheka, Sindano zaidi ya wote.

Kisha ikaja zamu yake. Umeme mdogo, mara nyingi, kwenye kifundo na mkononi. Baadaye sindano nyembamba iliingizwa kwenye nyama ya dole gumba.

"Hii haina umeme," mpimaji alieleza. "Inasikiliza misuli tu. Itachoma kidogo. Kaza dole gumba... sasa legeza."

Mashine ikanguruma kama mvua juu ya bati. Baada ya muda usiofika saa nzima, walimaliza.

Daktari alisoma majibu siku hiyo hiyo. "Neva imebanwa hapa, kwenye kifundo cha mkono. Haikuambukizwa na mtu. Kazi ya kukunja kifundo kutwa huchangia, iwe kushona au kukanda unga. Shangazi aliwahi, akapona kwa kuvaa kifaa cha kunyoosha mkono usiku na kupumzika. Kwako misuli imeanza kunywea. Ninashauri upasuaji mdogo, tuipe neva nafasi."

Sindano alipasuliwa mwezi ule. Kuamka usiku kukakoma upesi. Hisia zilirudi polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Nyama ya dole gumba bado haijajaa yote, na daktari alisema huenda isijae. Lakini mkasi hauponyoki tena. Siku hizi anapumzika kila baada ya muda, na kiti chake kimeinuliwa ili kifundo kisikunjike.

Nguo ya kwanza aliyoshona baada ya kupona ilikuwa ya shangazi. Mama aliiona mezani, ikamchoma moyoni. Akaichukua, akaipiga pasi mwenyewe, akavuka barabara kumpelekea wifi yake.

Mzazi mwenzangu, usije ukachelewa kama yeye. Epuka haya:

Usidharau ganzi inayorudi kila siku, wala vitu vinavyoponyoka mkononi.

Usifunge utambaa wa kukaza mahali penye ganzi.

Siku ya kipimo usipake mafuta, losheni wala dawa ya kuchua. Usivae pete wala bangili.

Usimfiche mpimaji kama una kifaa cha moyo, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Na usiache dawa yoyote kwa kujiamulia.

Usishike pasi, sufuria ya moto wala kisu bila kutazama, kama vidole havihisi.

Usitumie tiba ya mwenzako kabla hujapimwa wewe.

Usiokote elimu ya ugonjwa kwenye foleni ya maji.

Na usikatae ushauri mzuri kwa sababu tu humpendi aliyeuleta.