Ubao wa Vyombo Kumi na Vinne

Kila Jumatatu, Igoki alipeleka maziwa ya nyumbani kwenye kituo cha maziwa cha Karurumo, kisha akapanda kilima mbio hadi shuleni. Alichukua ufunguo kwa Mwalimu Muchangi, akafungua chumba cha sayansi na kusimama mbele ya ubao mweupe wa chama cha anga.

Ubao huo ulikuwa fahari ya shule. Uliorodhesha vyombo kumi na vinne vinavyosafiri angani bila watu ndani: Voyager 1, kilichokwisha kuzipita sayari zote, Perseverance, gari linalotambaa katika vumbi la Mirihi, Maven, kilichokuwa kikiizunguka Mirihi tangu mwaka 2014, na vingine. Mbele ya kila jina palikuwa na mahali kilipo, tarehe ambayo habari zake zilikaguliwa, na kama bado kinasikika duniani. Igoki, wa Gredi ya Nane, ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mwirigi, aliyeketi naye dawati moja, aliweka sahihi kuthibitisha.

Shule zilipofungwa, Mwalimu alimwandikia Igoki anwani za tovuti za mashirika ya anga.

"Kila Jumatatu, omba simu ya mama yako ukague, uandike kwenye daftari," alimwambia.

Novemba hakukosa hata mara moja. Desemba ilipoingia, alikwenda kwa cucu, nyanya yake, kule Kanja kusaidia kuchuma chai, na simu aliyopewa na mama ikawa ya kutazama video tu. Kama vyombo hivi vimesikika miaka yote hii, aliwaza, vitanyamaza wiki hizi chache? Januari, asubuhi ya kufungua shule, akajaza tarehe zote ubaoni kwa mkupuo mmoja na kuandika "Kinasikika" mara kumi na nne. Mwirigi akaweka sahihi. Hakuna aliyegundua, basi kila Jumatatu iliyofuata Igoki akawa anabadilisha tarehe tu.

Februari, chama kikaalikwa kwenye mashindano ya sayansi mjini Embu. Ukumbi ulijaa wanafunzi, na waamuzi walipita meza baada ya meza wakiandika. Igoki na Mwirigi walikuwa wamesimamisha ubao wao mwamuzi alipokuwa bado meza ya tano kutoka kwao. Msichana mmoja kutoka Kiritiri, aliyeitwa Peninah, akasimama kuusoma. Akakunja uso.

"Mmeandika Maven inasikika? Si ilipotea Desemba?"

Igoki akaugeukia ubao.

"Nani amekuambia?" Mwirigi akadakia. "Huyu Igoki hukagua kila wiki. Hawezi kukosea."

"Sawa, pengine ni mimi nimekosea," Peninah akasema, akarudi kwenye meza yake.

Maneno ya Mwirigi yalimchoma Igoki kuliko yale ya Peninah. Mwamuzi alikuwa amefika meza ya nne. Igoki akashika kifutio. Angefuta jina la Maven, vyombo vingebaki kumi na vitatu, na nani angejua? Mkono wake ukafika ubaoni.

"Unafuta nini?" Mwirigi akauliza.

Igoki akamtazama. "Sikukagua," akanong'ona. "Tangu Desemba. Tarehe zote nilitunga."

Macho ya Mwirigi yakashuka kwenye sahihi zake, safu nzima, kila moja imeandikwa vizuri. "Jina langu liko hapo, Igoki," akasema hatimaye. "Umenifanya mwongo na mimi sijui."

Igoki akaweka kifutio mezani, akamkimbilia Mwalimu Muchangi aliyesimama mlangoni pa ukumbi na kumwambia yote bila kuvuta pumzi. Mwalimu hakumkaripia. Uso ulimsinyaa, kisha akatoa simu mfukoni.

"Kagua sasa. Usilolipata, usiliandike."

Igoki akafuta tarehe zote pamoja na safu ya "Kinasikika" na ya sahihi. Akasoma kwa sauti, Mwirigi akaandika bila kumwangalia. Walipofika kwa Maven, Igoki alisoma mara mbili: tarehe sita Desemba kilipita nyuma ya Mirihi, na kilipotokea upande wa pili hakikusikika tena. Siku hiyo yeye alikuwa Kanja, anacheka na simu.

Mwamuzi alipofika, walikuwa wamethibitisha vyombo tisa tu. Aliitwa Madam Kawira, mhandisi wa mawasiliano.

"Mbona hapa patupu?" akauliza.

Mwirigi akamgeukia Igoki. Igoki akasogea mbele.

"Hivi vitano hatujavikagua, Madam. Na hadi leo asubuhi, tarehe za ubao mzima zilikuwa za uongo. Nilizitunga mimi. Mwenzangu hakujua."

Madam Kawira akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Nitawakata alama," akasema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Chombo kikiwa huko Mirihi, hakuna awezaye kwenda kukitazama. Tunakijua kwa maandishi ya aliyekagua. Pengo hili tunaliona, na kesho tutalijaza. Uongo hukaa umetiwa sahihi, na hakuna anayejua pa kuutafuta."

Hawakufuzu.

Jumatatu, Igoki alimpelekea Mwalimu Muchangi ufunguo. "Mpe mwingine, Mwalimu. Sistahili."

Mwalimu akaukataa. "Kuacha kazi ni rahisi," akasema. "Mtu aliyevunja uaminifu huujenga upya palepale alipouvunja, kidogo kidogo, kila wiki. Nenda ukague. Na kuanzia leo, Mwirigi atakaa kando yako mkikagua, kwa sababu na yeye alitia sahihi asichokiona. Kila mmoja ana somo lake."

Walikagua vyombo vyote kumi na vinne kwenye simu ya Mwalimu, mpaka kengele ya gwaride ikalia. Mwirigi akachukua kalamu, akasita mbele ya mstari wa chombo cha mwisho.

"Umezisoma habari zake kwa macho yako?"

"Nimezisoma. Hebu tazama na wewe."

Mwirigi akaiinamia simu, akasoma hadi mwisho, ndipo akaweka sahihi.