Nakala Iliyobaki Kwenye Slaidi

Foleni ya duka la uchapaji ilifika hadi barabarani asubuhi ile, maana ofisi zote za mtaa zilikuwa zimesasisha programu zao za slaidi mwishoni mwa juma, na sasa kila mtu alikuja na michoro inayomgomea. Fundi wa michoro, binti mwenye blauzi ya njano na miwani iliyosukumwa utosini, aliwahudumia mmoja mmoja huku shangazi yake, mwenye duka, akigombana na mashine ya kopi.

Zamu ikamfikia kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa likanyooka, mhandisi wa idara ya maji.

"Dada, chati zangu nikizibofya hazifunguki."

"Umebofya mara ngapi?"

"Mpaka kidole kimeota sugu."

Fundi akacheka. Akabofya mara mbili, programu ikauliza kama mchoro wa zamani ubadilishwe uwe wa mtindo mpya, akakubali, na jedwali zima la takwimu likafunguka nyuma ya chati.

"Ulijibu hapana, ndiyo maana. Halafu nisikilize, injinia. Chati ukiipachika hivi, inabeba nakala ya jedwali lote. Ukibadilisha lile la ofisini, hili halina habari. Uje ubadilishe na hapa."

"Basi nitakuja kila siku."

"Njoo. Foleni unaiona."

Na kweli alikuja, mara na kazi, mara na visingizio. Kabla ya miezi miwili simu hazikatiki.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Nilikuwa nakula, bwana!"

Idara ikamchagua mhandisi aende masomoni ng'ambo miaka mitatu pamoja na wenzake tisa. Fundi alipoinamisha uso, alimshika kidevu. "Hatuachani. Jumapili nakuja na mama kuzungumza na shangazi yako. Niachie mimi." Akamwachia na flashi yenye slaidi za safari. "Panga rangi tu kwanza, takwimu nitaleta."

Ijumaa fundi akabofya chati ya wanaoondoka na familia na wanaoondoka peke yao. Jedwali likafunguka, majina kumi, na safu ya mwisho imeandikwa "Anaondoka na". Wengine mke, wengine mume. Kwenye jina la mpenzi wake: peke yake.

Lo! Kumbe huyu mtu anamtia matumaini, na huko kazini ameshajiandikia safari ya kapera! Alipanga rangi zote, machozi yakimdondoka kwenye kibodi, akaiacha flashi kwa shangazi, akazuia namba ya mwanamume yule. Akamwomba shangazi aseme hayupo, na asiwapokee wageni wowote Jumapili.

"Mwulize kwanza, mwanangu," shangazi alisema. "Hasira hasara."

"Nimeona kwa macho yangu, shangazi."

"Umeona maandishi. Mwenyewe hujamwona."

Alitia pamba masikioni. Siku zikapita, mhandisi akaja mara mbili akaambiwa hayupo, na mara zote mbili fundi alikuwa chumba cha nyuma ameuma kitambaa.

Wiki ya tatu mhandisi alimkuta kaunta peke yake. Mwanamume amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Nimekuja kuaga. Ndege ni kesho. Nilikukosea nini?"

"Unaniuliza? Si uliandika unaondoka peke yako! Nimeliona kwenye chati yako."

"Ile chati niliipachika siku ya kwanza ya uteuzi, kabla sijazungumza na mama. Jedwali la ofisini nilishalibadilisha. Niliandika mke. Nilikwambia takwimu nitaleta."

Fundi alishika kaunta. Yeye, aliyewaeleza watu wa mtaa mzima kwamba nakala haifuati ya ofisini, hakukumbuka hata mara moja.

"Mungu wangu. Nisamehe, mpenzi. Basi twende ukaniandikishe!"

"Walitaka sahihi yako na picha kabla ya Jumatatu iliyopita. Nilipiga simu mpaka nikachoka. Nikajua umenikataa, nikafuta."

"Wapigie. Wapigie sasa hivi, nisikie."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Karani wa safari akajibu kwa upole: "Kaka yangu, orodha imeshatumwa. Ile nyumba ya familia uliyokuwa umetengewa kule chuoni tumempa mwenzako mwenye watoto. Na kanuni unaijua, hakuna kuongeza mtu mpaka masomo yaishe."

"Hata nikifunga ndoa leo?"

"Hata leo, kaka. Pole sana."

Simu ikakatika. Fundi akazunguka kaunta akamkumbatia, akalia kwenye lile shati lililokunjamana bila kujali wateja waliokuwa wanaingia.

"Nitakusubiri."

"Jumapili ile mama alikuwa amevaa tayari, amekaa kitini," alisema taratibu. "Shangazi yako akatuma neno tusije, nikamwambia kwa kinywa changu avue vitenge vyake. Hataki kusikia tena habari ya kwenu."

"Nitamwangukia miguuni. Nitakusubiri, nimesema!"

"Usiniahidi ukilia, mpenzi. Kulia kuna huruma ndani yake. Nyamaza kwanza, ndipo uniahidi, nami nitaamini."

Alijaribu. Alifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, akafungua mdomo, kwikwi ikamrudia. Nje gari la idara lililomleta likapiga honi, likapiga tena. Mhandisi alimsubiri kidogo tena, kisha akambusu kwenye paji la uso, akatoka bila kuahidiwa.