Daktari wa Redioni

Jumaa Fondo wa Mtopanga alikuwa fundi wa baiskeli. Fundi hasa! Kila wiki alituma kadi ya salamu redioni. Mwanzo aliandika, "Mimi Jumaa, daktari wa baiskeli." Jumamosi moja mtangazaji alifupisha: "Anawasalimu Daktari Jumaa wa Mtopanga, nyuma ya msikiti." Jina hilo lilimnogea. Nani hapendi kusifiwa? Tangu siku hiyo, baiskeli hakuiandika tena. Hata Barke, mkewe, akimwita Jumaa, haitiki mpaka aitwe Daktari. Makubwa hayo!

Asubuhi moja mwanamke alipiga hodi. Ametoka Utange kwa miguu, mtoto mgongoni.

"Hapa ndipo kwa Daktari Jumaa? Nilimsikia redioni. Mwanangu anahara tangu jana. Sasa hata kulia hawezi."

Jumaa alitazama mikono yake yenye grisi. Majirani nao walikuwa wakimtazama. Aliona haya kusema kweli. Akakumbuka vidonge vya kichwa vya Barke.

"Ngoja nikutafutie dawa," akasema polepole.

"Dawa gani?" Barke akamaka. "Jumaa, hiyo ni roho ya mtu!"

Bi Rosalia, jirani aliyefanya kazi zahanati, alisikia akaja mbio. Alibana ngozi ya tumbo la mtoto. Haikurudi upesi.

"Amepungukiwa na maji mwilini," akasema. "Msimpe kidonge chochote. Apelekwe zahanati sasa hivi."

Mama yule akamgeukia Jumaa. "Nawe daktari, wasemaje?"

Jumaa akaivuta baiskeli yake.

"Mimi si daktari, dada. Natengeneza baiskeli. Nisamehe. Panda nyuma nikupeleke."

Alikanyaga pedali mpaka shati likalowa. Zahanati mtoto alitiwa maji, na siku ya pili akalilia uji. Jumaa naye akatuma kadi mpya: "Jumaa Fondo, fundi wa baiskeli." Majirani hawakumcheka. Barke alicheka kidogo tu, kwa furaha. Na baiskeli mbovu zikaanza kuja, hata kutoka Bombolulu.

Baada ya wiki mbili mama yule alikuja kushukuru. Jina lake Mwanatumu. Mtoto alikuwa akitambaa huku na huku. Jumaa alimtazama, kisha akauliza swali lililomnyima raha siku zote hizo.

"Lau ningekupa vidonge siku ile, ungempa?"

"Wallahi ningempa vyote," akajibu Mwanatumu. "Kwani si redio ilisema wewe ni daktari?"