Meza ya Kugusa

"Samahani, hapa ndipo wanaposhika wadudu?"

Tabu alikuwa ameinama, anamrudisha vunjajungu kwenye boksi lake. Sauti ile ilimfanya asahau hata kufunga kifuniko. Alipoinua uso, alimwona Badru, mwanaume aliyekuwa amuoe mwaka jana, akamuacha kwa meseji moja tu:

"Tabu, tusitafutane tena. Moyo wangu umebadilika."

Tangu hapo simu yake haikupatikana. Mama yake Badru, kule Temeke, alipoulizwa alijibu kwamba mwanawe yuko safarini. Tabu alilia mpaka akakonda. Baadaye akajikaza, akapata kazi ya kuongoza wageni kwenye makumbusho ya viumbe, Mbweni. Siku hiyo palikuwa na tamasha la wadudu. Familia zimejaa, watoto wanakimbizana na vipepeo ndani ya wavu. Jioni yake, wazee wa Khalfani, mwanaume aliyemposa Tabu, walikuwa waende kwao Tabu, Tegeta, kuchukua jibu la posa.

Alimkazia macho Badru, akingoja ashtuke. Badru hakushtuka. Alikuwa anatabasamu kuelekea pembeni ya bega la Tabu, kana kwamba anamsalimia mtu mwingine. Nyuma ya Badru alikuwepo dada yake, Najat, na wanawe. Najat alimtambua Tabu, akainamisha macho.

"Nyoosha mkono, kaka," Najat akamwambia Badru kwa upole. "Meza iko mbele yako."

Hapo ndipo Tabu alipoelewa. Alichukua mbawakawa mwenye pembe, akamweka kwenye kiganja cha Badru. Badru akampapasa taratibu, pembe, mgongo, miguu inayokwaruza. Akauliza ana rangi gani.

"Mweusi," Tabu akajibu. "Anang'aa."

Vidole vya Badru vikaganda.

"Tabu?"

Tabu alimwomba mwenzake, Demetria, amshikie meza, akamwongoza Badru hadi kwenye benchi nyuma ya jengo. Huko Badru akaeleza yote. Ilikuwa presha ya macho. Alikuwa dereva wa lori, na ilianza kwa kutoyaona magari yanayomjia ubavuni. Daktari alipomwambia kwamba kilichopotea hakirudi, alikwenda kujifungia ndani, akaandika ile meseji wakati bado anaweza kuziona herufi. Sasa alibakiwa na mwanga tu.

"Sikutaka uolewe na mzigo," akasema.

"Mie nimekaa mwaka mzima natafuta kosa langu, Badru. Kila neno nililowahi kukwambia nimelipekua. Maradhi ni mtihani wa Mungu, hukuyataka. Uwongo uliuchagua mwenyewe."

Badru hakujitetea. Machozi yalimtoka, akaomba radhi. Ndipo Tabu akamwambia habari ya posa. Badru akasema anamfahamu Khalfani, ni mtu mwema, amkubali tu.

"Unaniamulia tena," Tabu akasema.

Tabu akatoa simu, akampigia baba yake.

"Shikamoo baba. Jibu la Khalfani ni hapana. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi, hana kosa. Na kuna mtu namleta hapo nyumbani. Naomba umsikilize."

Baba yake Tabu, Mzee Bakari, alimsikiliza Badru hadi mwisho, akakataa. Alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu aliyewahi kumkimbia, awe anaona au haoni. Badru akakubali kwamba mzee ana haki. Lakini aliendelea kwenda Tegeta, Ijumaa baada ya Ijumaa, akisindikizwa na Najat, kumwamkia mzee na kurudi zake. Hakuomba kitu.

Siku moja, mvua za masika zikiwa zimekatika, mzee akamwita Tabu sebuleni, Badru akiwepo.

"Mwanangu, kuishi na mtu asiyeona si maneno ya barazani. Na ukichoka?"

"Nikichoka nitamwambia, baba. Na yeye akiogopa ataniambia. Zaidi ya hapo sina ahadi."

Mzee alimgeukia Badru.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, baba."

"Basi nenda kawaite wazee wako."