Sekunde Thelathini Juani

Shemeji yangu mpigapicha ni mbishi, na ubishi wake ndio ulionipotezea dada. Nasema wazi, akitaka kukasirika akasirike.

Alipewa kazi ya picha ya kalenda: barabara saa sita mchana, wapita njia wamekuwa kama moshi, mtu mmoja tu katikati ametulia, anaonekana wazi. Mtu huyo akawa mkewe, dada yangu. Mimi nilishika mwavuli wa kuikinga kamera.

"Kwa jua hili, ukiiacha shata, mlango wa mwanga wa kamera, wazi sekunde nne, picha inatoka nyeupe pee," alituambia. Akashusha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka mia, akalibana tundu la lenzi mpaka namba ishirini na mbili. Bado nyeupe. Ndipo akafunga kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. "Haya, mke wangu. Simama kama nguzo."

Dada akasimama. Picha ilipotoka, watu walikuwa moshi, sawa, lakini dada naye alikuwa na ukungu. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyetokea wazi, mpaka nyusi ungeweza kuzihesabu. Barabarani hatukuwa tumemwona mwanamke huyo.

"Umetikisika," shemeji akamwambia.

"Nimetikisika mimi? Miguu imenifa ganzi!"

Wakarudia, sekunde nane. Safari hii pichani dada hakuwa na miguu, na yule mwanamke alikuwa amemwekea mkono begani. Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Dada akajishika bega. "Jamani, mbona baridi?"

"Shemeji, basi," nikamnong'oneza. "Tuondoke."

"Huyo ni mpita njia tu. Muda ukiwa mrefu zaidi, wapita njia wote wanafutika, anabaki aliyetulia. Moja ya mwisho."

Akaongeza kioo cheusi cha pili, akaweka sekunde thelathini, na mimi, Mungu anisamehe, nikaendelea kushika mwavuli huku nikihesabu moyoni, na kadiri nilivyohesabu ndivyo kelele za barabara zilivyopungua, pikipiki zinapita bila mlio, watu wanafungua vinywa bila sauti, na dada yangu ananitazama mimi, haitazami kamera, machozi yanamtoka, na hasogei kwa sababu mumewe amemwambia asisogee.

Shata ikafunga. Kelele zikarudi. Dada akatujia akitabasamu. "Twendeni nyumbani." Saa nzima juani, na hakuwa na tone la jasho.

Tulipofika akaingia chumbani moja kwa moja. Shemeji akafungua picha ya mwisho: dada hayumo. Yule mwanamke amesimama mahali pake, amevaa gauni la dada.

"Ni jini," shemeji akanong'ona. "Nimelinasa humu. Nikilifuta, linaondoka."

Nikamnyang'anya kamera, nikaikuza picha. Pembeni, ndani ya moshi wa wapita njia, kulikuwa na uso wa dada, mdomo wazi, na nilipotega sikio nikamsikia, mbali mno, akiniita.

"Usifute! Dada yumo humu!"

Shemeji alikuwa ameshanyoosha mkono, kidole chake kimeshabonyeza kitufe cha kufuta. Sauti ikakatika.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Yule aliyekuwa na sura ya dada yangu akashusha pumzi ndefu.

"Ahsante, mume wangu," akasema. "Alikuwa anapiga kelele sana."