Ukuta wa Mama Cherehani

Ko, ko, ko.

Kabla hakujapambazuka, Mama Cherehani aligonga ukuta kwa mpini wa mkasi. Akatega sikio. Ko, ko, alijibiwa kutoka upande wa pili. Akashusha pumzi. Jirani yake, Mkunga, ameamka salama.

Nyumba zao ziliegemeana, ukuta ulikuwa mmoja. Wote wawili walikuwa wajane, na waliamkiana hivyo kwa miaka ishirini na sita. Asubuhi moja ya mwaka uliopita Mkunga hakujibu. Mama Cherehani alimkuta ameanguka bafuni, mguu umevunjika, akamwahisha hospitali.

Siku moja wapimaji wa ardhi walipita mtaani. Nyumba zote zingebomolewa, yajengwe maghorofa. Kila nyumba iliandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mama Cherehani aliisugua yake kwa brashi na sabuni mpaka ikatoka, kisha akapaka chokaa. Binti yake alimkanya. Mama akasema ukuta wake si ubao wa shule.

Baada ya wiki tatu, orodha ya wenye nyumba watakaopewa makazi kwenye maghorofa ilibandikwa katika ofisi ya mradi. Siku ya tano binti alikwenda, akaisoma mara mbili. Mkunga alikuwemo. Mama yake hakuwemo.

Jioni hiyo alikuja Karani kuchukua suruali yake. Mzee huyu alikuwa amestaafu kazi ya ardhi. Alimkuta Mama Cherehani amekaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, hashoni.

Binti alipomweleza habari ya orodha, Karani alitazama chokaa ukutani, akaelewa. Alieleza kwamba baada ya wapimaji, watu wengine walikuja kuandika majina kwa kufuata namba. Hapa hawakuona namba, na ukuta ni mmoja, wakadhani ni nyumba moja, ya Mkunga.

"Dada yangu," alisema, "namba ile haikuwa ya kukufukuza. Ilikuwa ya kukuhesabu."

"Basi nimejifuta mwenyewe?"

"Umejifuta. Lakini tangazo linatoa siku kumi na nne za kupinga orodha. Zimebaki tisa."

Alimwambia binti aandike barua ya malalamiko. Waambatanishe hati ya nyumba, risiti za maji, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wapeleke nakala, hati yenyewe ibaki nyumbani. Waende na jirani wa kushuhudia. Na wasiondoke bila nakala ya barua iliyogongwa muhuri.

Mkunga alijitolea kwenda, ingawa mguu ulimuuma. Njiani alimtania rafiki yake. "Umesugua ukuta kama sufuria iliyoungua. Sufuria zako mbona husugui hivyo?" Mama Cherehani akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ofisini, afisa alimletea Mkunga kiti. Akamuuliza anajuaje kwamba mwenzake anaishi pale.

Mkunga aligonga meza. Ko, ko, ko.

"Hivi, baba. Kila alfajiri, miaka ishirini na sita. Siku niliyoshindwa kujibu, yeye ndiye aliyevunja mlango wangu."

Afisa alikagua nakala zao moja moja. Kisha akapokea barua, akagonga muhuri, akawapa nakala. Aliwaambia pia kuwa majirani wanaotaka kukaa karibu wanaweza kuomba pamoja, kwa maandishi. Hawakujua hilo. Walijaza fomu palepale.

Orodha mpya ilipotoka, majina yote mawili yalikuwemo.

Nyumba zao zilibomolewa. Siku ile Mama Cherehani alilia, na Mkunga akamshika mkono. Walikaa kwenye vyumba vya kupanga mwaka mmoja na nusu, mitaa tofauti, mpaka ghorofa likakamilika. Mkunga alipewa nyumba ya chini kwa sababu ya mguu. Mama Cherehani alipewa iliyo juu yake moja kwa moja.

Alfajiri ya kwanza, Mama Cherehani alipiga magoti, akagonga sakafu kwa mpini wa mkasi. Akasubiri. Kimya. Ndipo dari ya chini ikagongwa kwa mpini wa ufagio. Ko, ko.

Hata hivyo akateremka, na khanga yake begani. Walikunywa chai mpaka jua likaingia dirishani. Alipoinuka kwenda kushona, Mkunga alimshika mkono.

"Ngazi mimi siziwezi," alisema. "Kesho ukishagonga, shuka tena."