Kamba ya Shemeji

Walishalipita geti la hifadhi, na wakimbiaji wenye pumzi walishapotea mbele kwenye miti, msusi alipogeuka akaona shemeji yake amevaa lile koti.

Koti la mvua, jepesi, la rangi ya chungwa. Lilikuwa la dada yake.

"Hilo umelileta la nini?" aliuliza bila kupunguza mwendo.

"Mvua itanyesha."

"Wewe huna lako?"

"Hili linatosha."

Halikumtosha, hata kipofu angeona. Mikono ilimwishia karibu na viwiko. Tangu hapo msusi hakukubali tena kukimbia mbele. Alimwacha atangulie, akamtazama mgongo.

Mwaka juzi dada yake aliingia msitu huu na mumewe, kwenye mbio hizi hizi za kando ya mto. Mume akatoka peke yake, amevaa koti la mkewe. Dada aliokotwa huko chini mto unakopanuka, kamba ikiwa bado kiunoni. Polisi walipomuuliza mume alisema, "Maji yalimchukua." Mama mkwe akamuuliza, akajibu hayo hayo. Alikuwa fundi bomba, mtu wa kulala chali chini ya sinki la mtu asubuhi nzima bila kutoa neno zaidi ya "nipe spana", na kwenye msiba hakubadilika.

"Kwani mtu anavuliwa koti kwanza, ndipo anazama?" mama alisema mbele ya waombolezaji wote. Fundi akatazama sakafu.

Sheria ya mbio ni watu wawili wawili, kwa sababu ya wanyama. Mwaka huu msusi alimpigia simu kutoka saluni, mashine ya kukaushia nywele ikinguruma nyuma yake. "Shem, nataka kukimbia. Sina mwenzangu." Fundi akasema, "Sawa." Hakuuliza kwa nini. Mtu asiye na lake moyoni angeuliza.

Njia ilifuata ukingo, nyembamba, yenye mizizi ya kukwaa. Mto ulikuwa kushoto, na mwanzoni uliongea kwa sauti ya kawaida. Walivuka kijito kwa daraja la magogo, wakakipita kichaka cha mianzi. Hapo mbingu ya juu milimani ikawa nyeusi kama sufuria ya mkaa, na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Magogo mazima yalianza kupita, mengine yana majani mabichi bado. Kima walipanda juu kabisa ya miti, wakanyamaza.

Mbele, njia haikuwepo. Ukingo ulikuwa umemegwa, na maji yalizunguka pale ambapo watu walikuwa wamepita muda mfupi uliopita.

"Turudi," fundi alisema.

Wakarudi mbio. Msusi alikuwa ameshaingia kwenye mianzi aliposikia mshindo na sauti ya mtu nyuma yake. Aligeuka akamkuta fundi ameketi kwenye tope, ameushika mguu chini ya goti. Palikuwa na mchubuko na damu kidogo. Hakumwona akianguka.

"Umevunjika, nadhani."

"Unadhani?"

"Mfupa si bomba, shem. Siwezi kuufungua nitazame."

Msusi alimfunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akampa maji. Fundi alilowesha midomo tu, akamrudishia chupa. Msusi akainusa chupa kabla ya kunywa, akaona aibu, akanywa.

Akaenda peke yake kutazama daraja. Magogo yalikuwa yamechukuliwa yote. Sasa walikuwa kwenye ulimi wa ardhi, mto upande mmoja, kijito upande mwingine, na nyuma yao pale ukingo ulipomegwa. Ng'ambo ya kijito, si mbali, kilikuwepo kibanda cha askari wa hifadhi. Alipuliza filimbi mpaka mashavu yakauma, lakini mngurumo wa maji uliimeza.

Aliporudi alimkuta fundi amesimama wima, ameshika mti.

"Mguu umepona?"

"Nilisogea."

"Ulisogea kwa mguu uliovunjika?"

Fundi alichechemea akimwegemea hadi kijitoni, akatoa kamba mkobani.

"Mwepesi anatangulia, mzito anashika. Ukifika, ukimbie kibandani."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Mimi na dada yako." Akanyoosha mkono. "Vua koti lako. Nipe."

Msusi alirudi nyuma hatua moja. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Dada alisimama hapa, akaambiwa avue koti, akavua.

"La nini?"

"Linajaa maji. Litakuvuta chini."

Maji yalishafika kwenye mizizi ya mti uliokuwa mkavu walipofika. Msusi akalivua koti lake la mvua, lakini hakumpa. Alilitupa juu ya tawi.

"Sasa funga kiunoni," fundi alisema. "Fundo la kufunguka ukivuta mkia. Mbele, mkono ufike."

"Ili lifunguke nikiwa katikati?"

"Ili ulifungue wewe."

"Nitafunga ninavyojua mimi."

Akalisokota kama anavyomalizia nywele za mteja asiyetaka kurudi saluni mpaka mwaka uishe. Fundi alilitazama lile fundo muda mrefu.

"Shem, hilo halifunguki."

"Ndiyo."

Fundi akaketi, akakanyaga mzizi kwa mguu mzima, akazungusha kamba mgongoni. Msusi akaingia. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Mawe ya chini yalitembea kama viumbe. Alikuwa katikati mguu ulipokosa pa kukanyaga.

Kamba ikakaza. Badala ya kumwinua, ilimshika pale pale, na mkondo ukamlalia juu, mzito, ukamjaa puani. Alijaribu kuinuka, kamba ikamkandamiza. Vidole vikatafuta fundo. Vililijua vizuri, vililitengeneza vyenyewe, na halikulegea hata uzi mmoja.

Ghafla kamba ikalegea.

Ameniachia, aliwaza. Kweli aliua.

Maji yakamgeuza kichwa chini, yakampigiza kwenye gogo, yakamtupa kwenye mizizi ya ng'ambo. Aliing'ang'ania, akatapika maji, akatambaa juu na kiatu kimoja. Kamba ilimfuata nyuma, ndefu, nzima.

Ng'ambo ya pili fundi alikuwa amepiga goti moja, viganja vyote viwili vikiwa wazi juu.

"Umetoka?" alipiga kelele. "Shem! Umetoka?"

"Umeniachia!"

"Ndiyo!"

"Ulitaka nife!"

"Yule sikumwachia!" Alikunja viganja kama aliyeshika kamba. "Nilimshika! Nilivuta! Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyokwenda chini! Nilimshika mpaka akaacha kutikisika, ndipo mikono ikashindwa!"

Msusi alibaki ameikodolea macho kamba. Kisha akaona kwamba mzizi aliokuwa ameukanyaga fundi ulishamezwa. Maji yalikuwa mapajani mwake. Ndiyo maana alisimama kule mianzini. Aliyaona yanakuja akiwa ameketi, akaona asimtishe.

"Panda mti!"

"Mguu, shem."

"Panda kwa mikono! Unabeba mabomba ya watu kila siku! Panda, usiniletee ukimya wako hapa!"

Alisubiri mpaka alipoiona rangi ya chungwa imeinuka juu ya tawi. Kisha akakimbia.

Askari walimtoa fundi alasiri ile ile kwa boti ya mpira. Picha ya hospitali ilionyesha mfupa umevunjika, akawekewa chuma. Anachechemea, na bado anatengeneza mabomba, ila chini ya sinki siku hizi humtuma msaidizi. Fundo la msusi lilikatwa kwa kisu, kwa sababu hakuna aliyeweza kulifungua. Koti lake lilikwenda na maji. Waandaaji walihamishia mbio kwenye miezi ya kiangazi. Mama alisimuliwa yote. Alisikiliza, akainuka kwenda kutazama chungu jikoni. Fundi hajakaribishwa nyumbani. Koti la rangi ya chungwa msusi alilipeleka yeye, limefuliwa, na mama alilipokea. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Msusi hakimbii tena kando ya mto. Jumapili humpigia shemeji yake simu, na wakikosa la kusema, hakuna anayekata.